Demydiv: kijiji kilichowekwa ndani ya maji ili mji mkubwa upone

Tangu mwezi wa pili mwaka 2022 jina la Ukraine linapita kwenye redio kila siku. Tunasikia Kyiv, tunasikia Moscow, tunasikia marais na makombora. Vijiji hatuvisikii sana. Sisi wenyewe huku Kivu tunajua namna kijiji kinavyoingia kwenye habari: kinakaa miaka mia bila mtu kukitaja, halafu siku moja bunduki zinafika na jina lake linasomwa vibaya na mtangazaji aliye mbali. Leo nataka tukae kidogo na kijiji kimoja cha Ukraine, tujue kiko wapi, udongo wake ni wa namna gani, na kilipitia nini mbele ya kutajwa.

Kijiji hicho kinaitwa Demydiv. Kiko kaskazini mwa Kyiv, mji mkubwa wa Ukraine, mwendo usiofika kilomita 50, ndani ya wilaya ya Vyshhorod. Ni kijiji cha nyumba za chini, kila nyumba na bustani yake nyuma, ukuta wa mbao ao wa bati mbele, na barabara ya lami inayopita katikati. Barabara hiyo mtu aikumbuke, tutairudia. Inatoka Kyiv, inapita Demydiv, inapanda kaskazini kupitia Dymer na Ivankiv, na ukiendelea upande ule unafika sehemu ya Chernobyl na mpaka wa Belarus.

Kati ya Demydiv na Kyiv kuna mto. Unaitwa Irpin. Si mto mkubwa: urefu wake wote ni kilomita 162, na mahali pengi mtu anaweza kumrushia mwenzake jiwe ng'ambo. Unaanza upande wa Zhytomyr, unazunguka magharibi ya Kyiv kama mkono unaokumbatia mji, halafu unaishia karibu na Demydiv, kwenye kijiji jirani kinachoitwa Kozarovychi, ambapo unaingia ndani ya maji ya mto mkubwa wa Dnipro.

Lakini mtu asidanganyike na udogo wa Irpin. Kazi yake kubwa iko kwenye bonde. Bonde lile ni pana, tambarare, na chini yake kuna udongo mweusi wa majani na mizizi iliyooza miaka maelfu bila kukauka. Wazungu wanaukata kama matofali, wanaukausha na kuuchoma, kama sisi tunavyochoma makala. Udongo wa namna hiyo unanywa maji kama sifongo. Mtu kwa miguu anaweza kuvuka akijua njia. Punda na gari la mizigo vinazama. Kifaru cha vita kinazama zaidi.

Ndiyo maana watu wa vita waliliona bonde hili zamani sana. Vitabu vya kale vya Walithuania vinasimulia kwamba katika miaka ya 1320 mkuu wao Gediminas alipiga mtawala wa Kyiv kwenye mto Irpin. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama vita hiyo ilitokea kweli namna ilivyoandikwa. Kwangu mimi kitu kimoja kinatosha: hata mtu aliyetunga hadithi alijua kwamba anayetaka Kyiv kutoka magharibi lazima kwanza ashindane na Irpin.

Watu wa vijiji vya bonde hawakuishi kwa vita. Waliishi kwa nyasi za ng'ombe, samaki, mbao za misonobari, na bustani ndogo kwenye sehemu zilizoinuka. Mpaka mwaka 1861 wengi wa wakulima wa inchi ile walikuwa mali ya mabwana, pamoja na ardhi. Nyuma ya miaka 1929 serikali ya Kisovieti iliwanyang'anya mashamba na kuyafanya ya pamoja. Mwaka 1932 na 1933 chakula kilichukuliwa vijijini kwa nguvu, na njaa ikaua mamilioni ya watu katika Ukraine. Jimbo la Kyiv lilikuwa kati ya yale yaliyoumia sana. Sitakaa hapo leo, njaa ile inahitaji makala yake peke yake.

Miaka ile ile wakubwa wa jeshi la Kisovieti walikuwa wakichora ramani. Walijenga mstari wa vyumba vya saruji nene vya kupigia bunduki kuzunguka Kyiv, na sehemu kubwa ya mstari huo ilifuata Irpin, upande wa mji. Vita ya pili ya dunia ilipofika, Wajerumani walitokea kwenye mto ule tarehe 11 mwezi wa saba 1941. Hawakuweza kuvuka na kuingia Kyiv moja kwa moja. Mji ulishikilia mpaka tarehe 19 mwezi wa tisa, na ulianguka kwa sababu Wajerumani waliuzunguka kutoka mbali.

Miaka miwili nyuma yake vita ilirudi, safari hii kutoka mashariki. Mwisho wa mwezi wa tisa 1943 askari wa Kisovieti walivuka Dnipro na kushika kipande kidogo cha ardhi kwenye kijiji cha Liutizh, ng'ambo ya Irpin ukitazama kutoka Demydiv. Mwanzoni makamanda hawakukitegemea sana kipande hicho, kwa sababu kilikuwa matope na misitu tu. Walijaribu kusini, mahali panapoitwa Bukryn, mara mbili katika mwezi wa kumi, wakashindwa na kupoteza watu wengi mno. Ndipo wakahamisha vifaru usiku, kwa siri, kuvileta huku kwenye matope. Shambulio lilianza tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, na tarehe 6 Kyiv ilikuwa mikononi mwao. Matope yale yale ambayo Mjerumani aliona hayapitiki ndiyo yaliyomficha adui yake.

Sasa tufike kwenye kazi iliyobadilisha bonde kabisa, na haikuwa ya bunduki. Nyuma ya vita serikali ilitaka umeme na mashamba. Juu ya Kyiv wakajenga ukuta mkubwa wa kuzuia Dnipro, na kati ya 1964 na 1966 maji yakajaa nyuma yake. Bwawa lile lina urefu wa kilomita 110 hivi na eneo la kilomita mraba 922. Wenyeji wanaliita Bahari ya Kyiv, na ukisimama kando yake hauoni ng'ambo vizuri. Vijiji kadhaa vya bonde la Dnipro vilihamishwa na kufunikwa. Watu walibomoa nyumba zao, wakabeba mbao, wakaacha makaburi.

Demydiv haikuhamishwa, na hapa ndipo jambo linapokuwa la ajabu. Maji ya bwawa yalipopanda, yalikuwa juu kuliko mto Irpin kwa mita kadhaa. Kwa hali ya kawaida bwawa lingerudi nyuma ndani ya bonde na kulifunika, pamoja na bustani za Demydiv na Kozarovychi na vijiji vingine. Wahandisi wakajenga ukingo wa udongo na saruji pale Kozarovychi, kufunga mlango wa mto. Lakini ukifunga mlango wa mto, mto wenyewe utakwenda wapi? Wakaweka mashini za pampu. Tangu wakati ule Irpin hauingii Dnipro kwa miguu yake mwenyewe. Unafika chini ya ukingo, na pampu zinaupandisha juu, zinaumwaga bwawani. Mashini zikisimama siku nyingi, mto unajaa na kurudi vijijini.

Juu ya bonde lililofungwa hivyo wakachimba mifereji, wakanyoosha mto kama mstari wa rula, wakakausha udongo mweusi. Palipokuwa kinamasi pakawa malisho na mashamba ya serikali. Watoto waliozaliwa miaka ya 1970 walikua wakidhani bonde lilikuwa kavu siku zote. Nyumba zikashuka polepole kutoka sehemu za juu mpaka karibu na mfereji. Nani angekataza? Ardhi ilikuwa nzuri, karibu na barabara, na Kyiv iko pale pale. Nyuma ya Ukraine kupata uhuru mwaka 1991, watu wa mji nao walianza kununua viwanja huko na kujenga nyumba za kupumzikia.

Mwaka 1986, tarehe 26 mwezi wa nne, kiwanda cha umeme cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka kaskazini yao. Demydiv ilibaki nje ya eneo lililofungwa, watu wake hawakuhamishwa. Lakini maji ya mto Prypiat yanayopita Chernobyl yanaishia katika bwawa lile lile, na sehemu ya sumu ilizama kwenye tope la chini. Kwa hiyo nyuma ya ukingo wa Kozarovychi watu walikuwa na vitu viwili vya kuogopa: wingi wa maji, na tope lililolala chini yake.

Tarehe 24 mwezi wa pili 2022 jeshi la Urusi liliingia Ukraine. Kundi moja kubwa lilitoka Belarus, likapita eneo la Chernobyl, likashuka kwa ile barabara niliyowaambia muikumbuke: Ivankiv, Dymer, Demydiv. Siku hiyo hiyo helikopta za Urusi zilishuka kwenye uwanja wa ndege wa Hostomel, karibu na mto, juu kidogo. Mpango wao ulionekana wazi. Wavuke Irpin, waingie Kyiv katika siku chache.

Waukraine walivunja madaraja ya Irpin, pamoja na daraja la barabara ya Demydiv. Lakini mto ni mdogo, nimesema. Jeshi lenye vyombo vya kutandika daraja la muda linaweza kuvuka mto wa namna hiyo kwa saa chache. Basi katika siku za kwanza kabisa wakafungua maji pale Kozarovychi, na Bahari ya Kyiv ikaanza kurudi ndani ya bonde lililokuwa limefungwa karibu miaka 60. Baadaye ukingo ulipigwa pia na mabomu ya Warusi, na maji yakaongezeka.

Bonde likakumbuka. Mifereji ikajaa, udongo mweusi ukanywa mpaka ukashiba, halafu maji yakatandaa juu ya malisho na mashamba, zaidi ya hekta 2,000. Mto wa kurusha jiwe ukawa ziwa. Vyombo vya kutandika daraja havikuwa na ukingo wa kuegemea, na vifaru vilivyoacha lami vilizama. Warusi walijaribu kuvuka juu zaidi, kwenye kijiji cha Moshchun, na huko mapigano ya mwezi wa tatu yalikuwa makali, kijiji kikabaki magofu. Lakini hawakupita kwenda Kyiv. Mwisho wa mwezi wa tatu waliondoka jimbo lote la Kyiv kurudi Belarus. Bila shaka si maji peke yake yaliyowashinda. Kulikuwa na askari wengi waliokufa wakipigana, na mizinga, na makosa ya Warusi wenyewe. Lakini ramani ya vita ile haieleweki bila bonde la Irpin.

Fikirieni sasa hali ya Demydiv. Kijiji kiko upande ambao adui amefika. Kwa hiyo watu wake walikuwa na askari wa Urusi barabarani na maji ya askari wao wenyewe bustanini. Majira yalikuwa ya baridi. Karibu kila nyumba ya kijiji huko ina ghala la chini ya ardhi, ambamo wanaweka viazi vya kizungu, karoti, na chupa za matunda na mboga za kupitisha miezi ya theluji. Maghala yale ndiyo pia mahali pa kujificha mabomu. Maji yalipoingia, familia za sehemu ya chini zilipoteza chakula na maficho kwa wakati mmoja. Hakuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kuwauliza kama wanakubali. Katika siku kama ile hakuna nafasi ya kuuliza, na kama wangetangaziwa, adui angesikia pia.

Sisi tuliosoma historia ya Wabelgiji shuleni, jambo hili si geni. Mwezi wa kumi 1914, katika vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji walipokuwa wamebaki na kona ndogo ya inchi yao, walifungua milango ya maji ya Nieuwpoort wakati bahari inapanda, wakiongozwa na wenyeji waliozijua mashini zile, mmoja wao mtu wa mashua aitwaye Hendrik Geeraert. Bahari iliingia mashambani mpaka kando ya njia ya reli, Wajerumani wakasimama, na mashamba yale yalikaa chini ya maji ya chumvi miaka minne. Ni vita ile ile iliyowatoa babu zetu huku Kongo kubeba mizigo na bunduki mpaka Tabora mwaka 1916.

Kuna mifano mingine isiyopendeza. Mwaka 1938 serikali ya China ilivunja kingo za Mto wa Njano ili kuzuia Wajapani. Watu laki kadhaa walikufa na mamilioni wakahama, na mwanzoni serikali ilisema ni mabomu ya Wajapani. Katika Ukraine yenyewe, tarehe 18 mwezi wa nane 1941, Wasovieti walilipua ukuta wa Dnipro kule Zaporizhzhia wakiwakimbia Wajerumani, bila kuwaonya watu waliokuwa chini, hata askari wao wenyewe. Na tarehe 6 mwezi wa sita 2023 ukuta wa Kakhovka, uliokuwa mikononi mwa jeshi la Urusi, ulibomoka na kuzamisha vijiji vya Kherson. Ukraine inasema Urusi iliulipua, Urusi inakana.

Nikiweka Demydiv kando ya hizo, naona tofauti, na niseme wazi ninavyofikiri. Maji ya Irpin yalipanda polepole, mtu aliweza kuondoka na mtoto mgongoni. Hayakuwa ukuta wa maji unaoua usiku. Mwandishi yeyote anayeweka mambo haya yote katika kapu moja na kuyaita "vita ya maji" anawaonea wafu wa China na Zaporizhzhia. Lakini hata hivyo, mwenye nyumba ya chini alilipa kwa niaba ya mwenye nyumba ya ghorofa ya Kyiv, na deni la namna hiyo halifutwi na sifa.

Sifa zilikuja kweli. Warusi walipoondoka, waandishi kutoka dunia nzima walifika Demydiv wakakuta watu wakitembea bustanini kwa mitumbwi ya mpira, na wengi wao wakisema wazi kwamba wanajivunia, kwamba bila maji yale mji ungeanguka. Mto wakauita shujaa. Mwezi wa nne ukapita, ndio mwezi wa kutayarisha viazi, na maji yalikuwa bado yamekaa. Mashini zilikuwa zimeharibika na ukingo una tundu. Kuyatoa haraka kulitaka kufunga tundu na kupampu mchana na usiku, katika inchi inayopigana. Na bonde lilikuwa na mabomu ya kutegwa, kwa hiyo hata fundi alitembea kwa woga.

Mwaka 2023 Ukraine ilianzisha mpango wa kulipa watu nyumba zilizoharibiwa na vita. Ni jambo zuri, na sisi tungetamani kuliona huku. Lakini kila aliyewahi kujaza karatasi za msaada anajua ugumu. Nyumba iliyopigwa na bomu inaonekana kwenye picha. Nyumba iliyokaa miezi ndani ya maji inasimama, madirisha yake mazima. Ni msingi wake ndio umelegea, mbao za sakafu zimevimba, kuta zina ukungu mweusi unaorudi kila ukiupaka chokaa. Muulizeni mtu wa Uvira ama Kalehe ambaye maji yalimpitia, atawaeleza kwa urefu kuliko mimi.

Halafu kuna ubishi uliotokea, ambao mimi naufuata kwa hamu. Wataalamu wa mazingira wa Ukraine wanasema bonde liachwe, angalau sehemu yake, liwe kinamasi kama zamani. Ndege wamerudi, samaki wanapata mahali pa kuzaa, udongo mweusi ukiwa na maji hauwaki moto wakati wa jua kali, na Kyiv inapata mlinzi asiyelala. Wenye viwanja hawataki kusikia: wengine walinunua kwa akiba ya maisha yote. Kuna pia wanaokumbusha kwamba hata mbele ya vita wafanyabiashara wa majumba walikuwa wameanza kulimezea mate bonde. Na watu wa kawaida wa Demydiv wako katikati. Wanataka jirani yao asizame tena, na wanataka pia kifaru kisipite tena.

Helikopta za Umoja wa Mataifa tulizokuwa tukizisikia juu ya Goma, sehemu yake ilikuwa ya Waukraine. Mwezi wa tatu 2022, wakati maji yamesimama Demydiv, rais wao alitoa amri warudi nyumbani na mashini zao, na mwaka ule ule waliondoka huku kwetu. Rubani aliyetoka Goma akashuka Kyiv, akiangalia kaskazini, angeona ziwa mahali ambapo ramani yake ilionyesha malisho.